Magonjwa ya mitaa ya viwanda Lubumbashi: maabara na hesabu ya wagonjwa visitenganishwe

Bwana Mhariri,

Wasomaji wako wawili wamejibizana katika kurasa hizi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili katika mitaa inayopakana na viwanda vya shaba na kobalti vya mji wetu. Wa kwanza aliandika kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa viwanda ndivyo chanzo, kwa kuwa kobalti imeonekana katika mkojo wa wakaaji. Wa pili alimjibu kwamba hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa hajaona hesabu inayoonyesha kwamba wagonjwa wa mitaa hiyo ni wengi kuliko wa mahali pengine. Nimezisoma barua zote mbili kwa makini, na naomba nafasi ya kueleza kwa nini naona kwamba kila mmoja ameshika sehemu ya ushahidi akaichukua kuwa ushahidi wote. Nimekuwa nikifundisha afya ya jamii kwa wauguzi vijana hapa Lubumbashi, na swali hili la chanzo cha ugonjwa ndilo ambalo wazazi huwauliza wanafunzi wangu kila wanapofika mitaani. Wazazi hao wanastahili jibu lililopimwa pande zote.

Elimu mbili zinahusika hapa. Toksikolojia ni elimu ya sumu: inauliza kitu fulani kinafanya nini ndani ya mwili, kwa kiasi gani, kikiingia kwa njia ipi, na baada ya muda gani. Epidemiolojia inatazama watu wengi kwa pamoja, ikiuliza ni nani wanaougua, wapi, lini, na wanatofautiana kwa jambo gani na wale wasiougua. Mtaalamu wa sumu anaweza kupanga kiasi atakacho na kumpa panya, akijua hakika kwamba hakuna kitu kingine kilichobadilika. Lakini panya si mtoto wa Ruashi, mmoja wa mitaa yetu. Mtaalamu wa epidemiolojia anawatazama watoto wenyewe wa Ruashi, lakini hana uwezo wa kupanga maisha yao. Familia inayoishi ukutani kwa kiwanda mara nyingi ndiyo familia maskini, inayokunywa maji ya kisima, inayopika kwa makaa ndani ya chumba kimoja, ambayo mama yake amepata malaria akiwa mjamzito na hakula nyama kwa majuma mengi. Ukiona ugonjwa katika nyumba hiyo, utajuaje ni lipi kati ya hayo yote lililouleta? Mwaka 1965 Austin Bradford Hill, mwanatakwimu wa Uingereza aliyechangia kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alitaja mambo tisa ya kutazama kabla ya kusema kwamba kitu fulani ndicho chanzo cha ugonjwa. Baadhi ya mambo hayo, kama nguvu ya uhusiano na kujirudia kwake mahali mbalimbali, huonekana katika hesabu za wagonjwa. Mengine, kama kuwapo kwa njia inayoeleweka ambayo sumu hiyo huumiza mwili, hutegemea sana maabara. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba hakuna hata moja kati ya hayo tisa ambalo peke yake linatosha kumaliza ubishi.

Sasa nije kwenye mji wetu, kwa sababu sisi hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, Célestin Banza akiwa mwandishi wa kwanza, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga, eneo letu la migodi kusini-mashariki mwa Kongo. Wale walioishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mara kadhaa kuliko walioishi mbali, na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Jambo hili la watoto linaeleweka vizuri kwa anayejua jinsi sumu inavyoingia mwilini: mtoto hucheza chini, hutia mikono kinywani, na kwa kila kilo ya mwili wake hula, hunywa na kuvuta hewa nyingi kuliko baba yake. Anayekumbuka vumbi jekundu la mwezi wa nane linavyotanda juu ya bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) zinazopakuliwa uani hahitaji maelezo marefu. Basi msomaji wako wa kwanza alikuwa na haki kusema kwamba madini yamo katika miili yetu. Ila kuwamo mwilini ni jambo moja, na kuugua kwa sababu yake ni jambo jingine ambalo mkojo peke yake hauwezi kulisema.

Mwaka 2018 utafiti mwingine wa vyuo hivyohivyo ulisogea hatua moja mbele. Ulifanyika Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe na kati ya ua na ua. Watoto wa Kasulo, mbali na kuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watoto wa mtaa wa kulinganisha, walikuwa pia na alama zaidi za kuharibika kwa DNA, yaani chembe za urithi. Hizo bado si dalili za ugonjwa. Ni kitu kilicho katikati ya sumu kuingia na ugonjwa kutokea, na thamani yake kubwa iko hapo, maana inatuonyesha kwamba kinachoingia hakipiti tu na kutoka bila kuacha athari.

Kisha, mwaka 2020, yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao kila mkaaji wa Lubumbashi angepaswa kuujua, na ambao wasomaji wako wote wawili hawakuutaja. Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge na wenzao waliwalinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa katika mji huu na kasoro za mwili zinazoonekana kwa macho, na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Waliuliza kuhusu kazi za wazazi, makazi na chakula, na wakapima madini katika damu na mkojo wa mama na katika damu ya kitovu. Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vingine vyote kilikuwa kazi ya baba. Kati ya watoto wenye kasoro, uwiano wa kuwa na baba anayefanya kazi ya madini ulikuwa mara 5.5 ya ule wa watoto wasio na kasoro, baada ya kuondoa athari za mambo mengine yaliyojulikana. Mipaka ya makadirio hayo ilikuwa mipana, kuanzia 1.2 hadi 25, kwa sababu idadi ya watu haikuwa kubwa, na hilo lisifichwe. Lakini mpaka wa chini bado uko juu ya 1, maana yake ni vigumu kusema kwamba tofauti hiyo ilitokana na bahati tu.

Na madini yaliyopimwa kwa mama na mtoto je? Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Mbali na manganizi, na kwa kiasi fulani zinki, katika damu ya kitovu, vipimo vya madini havikuonyesha uhusiano na kasoro za watoto. Nimekwisha kusikia matokeo hayo yakitumiwa katika mikutano kama hukumu ya mwisho: mama wa watoto wenye kasoro hawakuwa na kobalti nyingi kuliko mama wengine, basi kobalti haina hatia. Mtu anayesoma jedwali la epidemiolojia bila kumsikiliza mtaalamu wa sumu atafika hapo kwa urahisi, na atakuwa amepotea, kwa sababu ambazo nataka kuzieleza bila haraka.

Sababu ya kwanza ni wakati. Viungo vya mtoto huumbika katika majuma ya kwanza ya mimba. Mfereji wa neva, ambao usipofunga vizuri huleta kasoro za mgongo na za kichwa, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Kobalti iliyo katika mkojo, kwa upande wake, hueleza hasa kilichoingia mwilini katika siku chache zilizopita, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka haraka. Aseniki, sumu nyingine ya madini, ni hivyohivyo. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa siku ya kujifungua kinatuambia alichokula na kukivuta mama mwishoni mwa mwezi wa tisa, wakati swali letu ni la mwezi wa kwanza. Watafiti hawakosi kulijua hili, wala simlaumu yeyote, kwa kuwa mama hufika wodi ya uzazi siku ya kujifungua na si siku ya kutunga mimba. Ninachosema ni kwamba kipimo kisichoonyesha tofauti, kikichukuliwa katika wakati usiohusika, hakiwezi kumwondolea mtu hatia.

Sababu ya pili ni kwamba kulinganisha kunahitaji tofauti ya kulinganisha. Kama wajawazito karibu wote wa mji wanabeba madini kwa viwango vikubwa kuliko vya nchi nyingine nyingi, basi ukiwalinganisha wao kwa wao utaona tofauti ndogo, hata kama wote kwa pamoja wanadhurika. Daktari Geoffrey Rose wa Uingereza aliliweka jambo hili wazi mwaka 1985: kama kila mtu angevuta sigara 20 kwa siku, utafiti wa ndani ya watu hao ungetuambia kwamba saratani ya mapafu ni ugonjwa wa kurithi. Ili tuone athari ya kitu kilichotapakaa kila mahali, lazima tuwalinganishe watu wa Lubumbashi na watu wa mahali pasipo migodi, wanaokula na kuishi kwa namna inayofanana na yetu. Hilo linawezekana ndani ya nchi yetu hii.

Sababu ya tatu inamhusu baba. Epidemiolojia imetuonyesha kidole kinakoelekea, lakini haikutuambia njia. Toksikolojia inatupa njia mbili zinazoweza kuchunguzwa. Huenda baba analeta vumbi la madini nyumbani kwa viatu, nguo na nywele, na mama ndiye anayefua nguo hizo. Au huenda madhara yanaanza katika mbegu za baba mwenyewe, ambazo hutengenezwa kwa muda wa karibu miezi miwili na nusu, na ambazo DNA yake inaweza kuharibiwa na madini kabla mimba haijatungwa. Njia hizi mbili zinadai vipimo tofauti na kinga tofauti. Ikiwa ni ya kwanza, mabafu na sehemu ya kufulia nguo mahali pa kazi vitasaidia sana; ikiwa ni ya pili, havitatosha, na itabidi kupunguza kile ambacho mfanyakazi anavuta puani akiwa kazini. Hapa ndipo ninapoona faida kamili ya elimu hizi mbili kufanya kazi pamoja: epidemiolojia iligundua mahali pa kutafuta, toksikolojia inasema kitafutwe nini, na bila toksikolojia, takwimu ile ya baba itabaki kuwa habari ya kusikitisha isiyomsaidia mtu.

Bwana Mhariri, naomba nitoe mfano mmoja wa kobalti kutoka mbali, kwa sababu unagusa hali yetu kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1960, katika mji wa Québec nchini Kanada, wanaume waliokuwa wanywaji wakubwa wa bia walianza kufika hospitalini wakiwa na mioyo iliyopanuka na kuchoka ghafla. Waliougua walikuwa wapatao 50, na takriban 20 kati yao walikufa. Madaktari waliofuatilia walikuta kwamba wagonjwa walikuwa wanywaji wa bia, na kwamba watengenezaji walikuwa wameanza kutia chumvi ya kobalti ili povu lidumu. Wagonjwa wa namna hiyo walionekana pia Omaha na Minneapolis nchini Marekani, na hata Leuven, Ubelgiji. Kobalti ilipoondolewa katika bia, wagonjwa wapya walikoma. Kwa macho ya epidemiolojia kesi ilikuwa imekwisha.

Lakini wataalamu wa sumu walikuwa na pingamizi la haki. Kobalti ilikuwa imetumika kama dawa ya upungufu wa damu, na wagonjwa waliopewa dawa hiyo walikuwa wakimeza kiasi kikubwa kuliko kilichokuwa katika bia ya mnywaji yeyote, na mioyo yao haikuharibika namna ile. Kama tungekuwa na maabara peke yake, tungesema kiasi kile ni salama na tungeendelea kuzika watu. Kama tungekuwa na hesabu ya wagonjwa peke yake, tungejua la kufanya na bia lakini tusingejua ni nani mwingine yuko hatarini. Ni kwa kuweka pamoja mambo hayo mawili yaliyoonekana kupingana ndipo ilipoeleweka kwamba wanywaji wale walikuwa wanakula vibaya, hasa wakikosa protini, na kwamba pombe na njaa vilikuwa vimeudhoofisha moyo kabla ya kobalti kufika. Majaribio ya wanyama yaliyofuata yalionyesha kwamba kobalti huumiza misuli ya moyo, na kwamba lishe duni huzidisha madhara hayo.

Nimekaa juu ya mfano huo kwa makusudi. Viwango vinavyoitwa salama, ambavyo kampuni na wakaguzi hupenda kuvitaja, kwa sehemu kubwa vimetokana na wafanyakazi wazima wenye afya au na wanyama wanaolishwa vizuri. Mama wa mtaa wetu wa Katuba mwenye upungufu wa madini ya chuma katika damu si mtu huyo. Utumbo unaokosa chuma hufyonza zaidi kobalti, kadimi na risasi, kwa kuwa madini hayo hupita kwa sehemu katika mlango uleule wa chuma. Na hapa kwetu, kwa malaria, minyoo na lishe ya bukari bila kitoweo cha kutosha, upungufu wa damu kwa wajawazito ni jambo la kila siku. Kiasi ambacho hakikumdhuru mtu wa Ulaya katika jaribio hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa kipimo cha usalama wetu.

Kwa upande mwingine, sitaki msomaji wako wa kwanza adhani kwamba nimempa ushindi. Si kila ugonjwa unaojitokeza karibu na mgodi unatoka mgodini. Watu wetu husema lisemwalo lipo, nami naheshimu sana wanachokiona wakaaji, lakini kilichopo huenda kisiwe kile kinachotajwa. Tunao mfano ndani ya nchi yetu: konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla, ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 baada ya kuonekana Kwango, kusini-magharibi mwa nchi. Mwaka 1981 ulipozuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukawashika watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, ilibidi kwanza polio iondolewe katika orodha ya watuhumiwa. Hesabu za nyumba kwa nyumba zilionyesha kwamba waliougua ni watu wa sehemu za ukame waliokuwa wakiishi kwa muhogo mchungu, na vipimo vya mkojo vikaonyesha mabaki ya sianidi kwa wingi. Baadaye, huko Bandundu, magharibi mwa nchi yetu, ilieleweka kwamba wanawake walikuwa wamefupisha siku za kuloweka muhogo ili uwahi soko la Kinshasa. Sianidi iliyobaki ndani ya muhogo, pamoja na kukosa protini ambayo mwili huihitaji ili kuifuta sumu hiyo, ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Hakuna aliyeweza kugundua hilo kwa kukaa maabara, wala kwa kuhesabu waliopooza tu. Mtu ambaye angekuja na mtuhumiwa wake tayari kichwani asingeuliza juu ya siku za kuloweka.

Lipo pia swali la lini tuchukue hatua. Msomaji wako wa pili anaandika kana kwamba kukosekana kwa hesabu za wagonjwa ni ruhusa ya kuendelea kama kawaida. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, halifikiri hivyo. Mwezi wa tatu 2022 wataalamu wake walikaa juu ya kobalti. Walikuta kwamba ushahidi wa saratani kwa binadamu hautoshi, lakini ushahidi wa wanyama unatosha, na ushahidi wa jinsi kobalti inavyoharibu chembechembe za mwili una nguvu. Kwa kuunganisha hayo waliiweka kobalti yenyewe, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka, katika kundi la vitu ambavyo huenda kwa uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Hawakusubiri makaburi. Na kinyume chake kimetokea pia: kwa miaka mingi aseniki haikuonyesha saratani kwa uwazi katika wanyama wa maabara, huku watu wa Antofagasta, mji wa eneo la shaba kaskazini mwa Chile, wakiwa wamekunywa maji yenye aseniki nyingi tangu 1958 hadi mtambo wa kuyasafisha ulipowekwa 1970. Vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa vingi kwa miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba elimu moja kati ya hizi ndiyo mwamuzi na nyingine ni msaidizi wake.

Wachimbaji wadogo nao wasisahauliwe, maana mara nyingi mjadala huu huwatazama wenye viwanda tu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto wadogo zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yalikuwa yakisagwa vijijini, mengine ndani ya ua za nyumba, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Kilichoanza kuonekana kilikuwa vifo vya watoto vyenye degedege, katika nchi ambako degedege huhesabiwa upesi kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Aliyezitazama idadi za vifo aliona kwamba vimezidi kiasi. Kipimo cha damu kikataja risasi. Kisha udongo ukaondolewa na watoto wakatibiwa. Hapa kwetu magunia ya mawe ya madini hulala katika vyumba vya kulala watoto. Ningependa kujua ni mtoto gani mwenye degedege katika mitaa yetu aliyewahi kupimwa risasi katika damu.

Basi ninaomba nini? Kwanza, kila wodi ya uzazi ya mji huu iandikishe kila mtoto anayezaliwa na kasoro, pamoja na wanaozaliwa wafu, ikiandika mtaa, muda ambao familia imekaa hapo, chanzo cha maji, na kazi ya baba na ya mama. Ni karatasi moja kwa kila mtoto. Kazi ya baba ndiyo iliyotoa ishara kubwa katika utafiti wa 2020, na bado katika madaftari mengi niliyoyaona nafasi yake haimo. Damu na mkojo vichukuliwe katika kliniki ya wajawazito mara mama anapofika kwa mara ya kwanza, na wamama wahimizwe kufika mapema. Baba naye aitwe apimwe. Na sehemu ya vipimo hivyo ihifadhiwe katika baridi, ili swali litakalozuka miaka mitano ijayo lipate kujibiwa. Kwa sasa, kila swali jipya linatukuta bila kitu.

Fedha si kisingizio. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo hujenga madarasa na visima, nami sipingi hata kimoja. Lakini sehemu ndogo yake ingetosha kulipa daftari la watoto wachanga na friji ya sampuli, mradi kazi yenyewe isimamiwe na watu wasiolipwa mshahara na kampuni hizo, na mradi matokeo yawe ya umma. Juu ya hili la mwisho sina mzaha. Huko Minamata, Japani, daktari wa kiwanda, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, yenye zebaki, mwaka 1959 akamwona akiugua kama walivyougua wavuvi. Matokeo yake yalifungiwa ndani ya kampuni, na serikali ilikiri chanzo cha ugonjwa mwaka 1968 tu. Katika miaka hiyo tisa watu waliendelea kula samaki wenye zebaki.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri daftari lolote: mabafu na nguo za kazi zinazobaki kazini, kumwagilia barabara za malori wakati wa kiangazi, na kuondoa magunia ya madini katika nyumba wanamolala watoto. Hakuna matokeo ya utafiti, yawe ya namna gani, yatakayofanya hatua hizo kuwa za bure.

Kwako wewe Bwana Mhariri ninalo ombi pia. Gazeti lako likichapisha kipimo cha maji, cha udongo au cha mkojo, lichapishe pamoja nacho mahali, tarehe, maabara iliyopima na kiwango kilicholinganishwa. Likichapisha idadi ya wagonjwa wa mtaa fulani, liseme pia wakaaji wa mtaa huo ni wangapi na wagonjwa hao walihesabiwa kwa muda gani. Wanafunzi wangu wamekwisha kuanza kukusanya taarifa za namna hiyo kutoka katika matoleo yenu ya zamani, na nyingi kati yake haziwezi kutumika kwa kukosa mambo hayo machache.

Kwa heshima,

Mwalimu wa afya ya jamii,
Kampemba, Lubumbashi